Kibuyu Kisichonuka Moshi

Krr. Krr. Krr.

Simu ilitetemeka ndani ya kopo la sukari. Alfajiri ilikuwa bado, na stima ilikuwa imepotea. Chepkurui aliitoa gizani, akaipangusa kwa leso.

"Majani mabichi," sauti ilisema.

"Kikapu kiko tayari," akajibu kwa neno la siri.

"Chupa ya vimelea vya ukungu unaoua michai imeingia Kericho. Ikifunguliwa shambani, kutoka hapa hadi Mogogosiek hakuna atakayechuma tena. Mgeni mmoja, Falk, anaikabidhi leo Jumamosi saa kumi jioni, kwenye shoo yenu. Mpokeaji hatumjui."

"Yuko kwenye bendi?"

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba bendi ni safi."

Simu ikakatika.

Ni kweli, aliandika. Mwaka mzima alipiga kinanda katika bendi ya watu wanne ya Mosoti, mpuliza saksafoni, huku akiwapeleleza. Lakini kila Jumamosi Mosoti alimfundisha binti yake Nelvine filimbi. Chepkurui akirudi kutoka kazini alimkuta mtoto ameshiba, ameoga, anacheka.

Jina la Mosoti hakulichunguza. Alilipigia tu alama ya usafi.

Saa kumi.

Ukumbi ulikuwa ghala kuukuu la chai. Viti arobaini, karibu na jukwaa kiasi kwamba aliyekaa mbele angeweza kugusa saksafoni. Bastola, Glock 19, ilikuwa imebanwa kwa utepe chini ya kinanda chake cha Yamaha. Hereni ya kushoto ilikuwa redio.

"Mama Nelvine, leo unapiga kama umekanyaga siafu," Oyaro wa ngoma alimtania.

Akacheka.

Wimbo wa mwisho uliisha. Makofi. Falk, mgeni aliyejiita mnunuzi wa chai, akainuka na kibuyu chenye shanga.

"Mursik kwa shujaa wetu!"

Watu wakashangilia. Mosoti akakipokea kwa mikono miwili.

Chepkurui akaibandua bastola, akaificha chini ya leso, akasogea.

Kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, hunuka moshi. Husuguliwa ndani kwa mkaa kabla maziwa hayajaingia. Hiki kilinuka vanishi. Kilikuwa cha kuuzia watalii.

Na Mosoti hakunywa.

Huku kwetu, ukipewa mursik mbele ya watu, unaonja. Hata kama wewe ni Mkisii. Yeye alikaza kifuniko, akakilaza kibuyu ndani ya kasha la saksafoni polepole, kama yai.

"Onja, Mwalimu," Chepkurui alisema.

"Nitaonja nyumbani."

"Watu wanangoja."

Falk akatia mkono kotini.

Glock ya Chepkurui ikamfikia shingoni kwanza.

"Usijaribu." Akagusa hereni. "Kikapu kimejaa. Ingieni."

Maafisa wanne wakaingia. Ndani ya kibuyu, katikati ya pamba, kulikuwa na chupa ndogo. Kizibo kilikuwa hakijaguswa.

Mosoti alinyoosha mikono ifungwe.

"Waliniahidi ziara ya Ulaya, Mama Nelvine. Miaka ishirini napigia watu arusi na mazishi."

"Ulijua ni nini?"

"Sikuuliza."

Chepkurui aliitazama pingu ikifungwa.

"Mimi pia sikuuliza," alisema.

Akachomeka bastola kiunoni, akaweka kola sawa, akatoka bila kugeuka. Hatua zake zilikuwa imara hadi mashamba ya chai yalipoisha, hadi kwenye lango la nyumbani.

Hapo akasimama kidogo kabla ya kuingia.

Nelvine alikuwa mezani, filimbi mapajani. Mbele yake kulikuwa na kikombe kilichofunikwa kwa sahani.

"Mama, nimemwekea mwalimu chai."