Swali Lililokatika Hewani

Kitendawili, na usikimbilie jibu: mgeni wangu hupita ukutani bila kubomoa hata tofali moja, lakini ukimharakisha, anavunjika yeye. Ni nani? Haya, kimumunye taratibu huku nikikusimulia.

Jumamosi, saa kumi na robo jioni, katika chumba cha nyuma kilichojaa nyaya, Babu aliyekuwa fundi saa aliinua mikono. "Imekatika tena!"

Redio yake ya kupokea na kurusha sauti ilikuwa kisanduku kidogo kilichochomekwa kwenye kompyuta. Kazi nyingine zote zilifanywa na programu. Kila Jumamosi aliongea na Mwalimu, mjane wa ng'ambo ya milima ambaye hawakuwahi kuonana naye. Siku hiyo Mwalimu alikuwa anasema, "Wanangu wanataka nihamie kwao ghorofani, pasipo na antena. Jumatatu, baada ya Jumamosi ijayo, wanakuja kuing'oa hii yangu. Sasa niambie, fundi…" Hapo sauti ikamwagika vipande vipande kama shanga sakafuni, kama wiki iliyotangulia, mahali pale pale.

Dada yake Babu alivua miwani. Alizeekea kwenye treni akikagua tiketi, na nyumba nzima ilimwita Mkaguzi. "Hapa kuna mhalifu," alisema. Akaanza na mjukuu, fundi wa kompyuta.

"Wewe ndiye uliyebadilisha mfumo endeshi."

"Nilikuwa nasaidia, Bibi! Ule wa zamani uliiacha sauti mlangoni ukaenda kushughulikia masasisho yake. Huu mpya nimeuamrisha: sauti kwanza, mengine yasubiri."

"Na bado inavunjika?"

"Kuna kitu kama kikombe. Kompyuta inakinga sauti humo kabla ya kuimimina kwenye spika. Kikombe kikiwa kikubwa, sauti inachelewa kidogo lakini inatoka safi. Kikiwa kidogo mno, inaharakishwa, inavunjika. Mimi niliweka kikubwa. Leo nimekikuta kama kizibo cha chupa."

(Umeshapata jibu langu? Ndiyo, ni sauti.)

"Basi kuna mkono," alisema Mkaguzi, akamgeukia mkwe wa Babu. "Wewe na mpira wako wa kutazama kwenye kompyuta ya watu!"

"Shangazi, mimi? Saa kumi nilikuwa kwa kinyozi!"

Mkaguzi alimpekua kola. Vinywele vilikuwa bado vimejaa. Akamwachia. Paka, aliyependa kulala juu ya kisanduku kwa ajili ya joto, alihojiwa naye; akapiga miayo, akaachiwa pia.

"Kaka," alisema Mkaguzi, "saa ya ukutani ikichelewa dakika moja, wewe hulali. Redio inaharibika kila wiki, nawe unapiga mluzi?"

"Uzee umenituliza, mdogo wangu."

"Ehe."

Hakuuliza zaidi. Alimnong'oneza mjukuu jambo, basi.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi, wote walikuwa chumbani. Mwalimu alisikika vizuri, akaeleza habari za mvua na goti lake, kisha akasema, "Sasa niambie, fundi…"

Mkono wa Babu ulitambaa taratibu kwenye kipanya. Akabonyeza. Akabonyeza tena, mara nyingi, jasho likimtoka. Sauti ikabaki safi kama maji ya mtungini:

"…nije tuishi wote, au niende ghorofani? Ova."

"Tiketi, tafadhali," alisema Mkaguzi.

Mkwe alicheka hadi akakaa chini. Mjukuu alijifunika uso. "Nisamehe, Babu. Nimekifunga kikombe kwa nywila."

Babu aliinama. "Mlitaka nifanyeje? Hewani mimi ni sauti nzito isiyo na umri. Akifika hapa atakuta mgongo unaolia kama mlango, na meno yanayolala kwenye glasi. Nilitaka aendelee kunipenda kwa mbali."

"Fundi?" redio iliita. "Umevunjika tena?"

Mkaguzi alimwekea kaka yake mkono begani, safari hii polepole. "Kesho kutwa antena inang'olewa, kaka. Hata huko mbali hutakuwa naye."

Babu alibonyeza kitufe cha kurusha.

"Sijavunjika, Mwalimu. Njoo. Ila nikuambie mapema: nikicheka sana, meno nayashika kwa mkono. Ova."