Majokofu Sita ya Fundi Baridi

Babu wa babu yake alikuwa mhunzi, na jembe lililotoka mkononi mwake halikupata kurudishwa na mnunuzi. Babu yake alikuwa mpima ardhi. Majirani wakigombea mpaka, neno lake lilikuwa la mwisho. Baba yake alifundisha hesabu miaka thelathini na miwili. Katika ukoo huo wa watu wasema kweli ndimo alimozaliwa kijana aliyeitwa na mtaa mzima Fundi Baridi, mtengenezaji wa majokofu, naye ndiye aliyeutia doa kwa siku kumi na tisa.

Alikaa na kufanya kazi katika chumba kimoja, kwenye mtaa wa wauza vipuri ambako mikokoteni hupishana na matusi kuanzia alfajiri. Asubuhi moja alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu, akaona kwanza viatu vya kahawia, kisha sketi ya kijivu iliyonyooshwa kwa pasi, kisha kizibao cha buluu cha ofisi ya takwimu. Msichana huyo, karani wa ofisi hiyo, alikuwa na kishikwambi mkononi na kalamu ameichomeka kwenye nywele.

"Hodi, kaka. Kaya yako imechaguliwa. Tunapima nani ana kipato cha chini, nani cha kati, nani cha juu."

"Na wewe uko wapi hapo, dada?"

"Mimi ndiye ninayeuliza. Kaya ina watu wangapi?"

"Mmoja. Kwa sasa."

Karani aliandika moja, akaficha tabasamu. "Una jokofu?"

Chumbani yalisimama sita, yote ya wateja. Fundi aliitazama ile kalamu kwenye nywele, na ulimi ukamteleza.

"Sita."

"Yote yako?"

"Napenda maji baridi."

Alipoulizwa mapato ya mwezi, alitaja ya miezi mitatu.

"Na nikikumbuka jokofu la saba, nitakupataje?"

Karani alimpa namba ya simu.

Tangu hapo walipigiana kila adhuhuri, wakatembea pamoja jioni. "Hujambo, tajiri wangu," karani alizoea kusema kwa utani, na kila mara utani huo ulimchoma fundi mbavuni. Alikusudia kusema kweli kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine.

Siku ya kumi na nane karani alirudi na msimamizi wake, mzee wa tai nyembamba, aliyekuwa akihakiki majibu yasiyo ya kawaida.

"Kwa fomu hii," msimamizi alisema, akikiangalia kitanda cha futi tatu kilichobanwa kati ya majokofu, "wewe ni miongoni mwa matajiri wa mji."

Kabla fundi hajajibu, mama mmoja aliingia na mchukuzi. "Fundi, jokofu langu limepona?"

Msimamizi alimgeukia karani. "Uliambiwa haya, au ulijitungia?"

Karani wa mkataba akishukiwa kutunga majibu hufukuzwa, wala haajiriwi tena. Msichana hakujitetea. Alimtazama fundi, akingoja. Fundi aliinamisha kichwa, akanyamaza.

Jioni karani alipiga simu.

"Mpenzi, nilitaka unione mtu," fundi alisema.

"Nilikuona mtu ulipotoka nyuma ya lile jokofu na grisi hadi kiwikoni. Leo ndipo sikukuona." Akakata.

Asubuhi fundi alivaa shati jeupe, akaenda ofisi ya takwimu, akasimama kati ya meza za makarani. "Mzee, karani wako aliandika nilichomwambia. Nilimdanganya mimi. Jokofu sina hata moja." Akataja mapato yake halisi, kwa sauti.

Msimamizi alirekebisha fomu. "Kipato cha chini. Hatua moja kabla ya kati." Makarani wengine walicheka. Mmoja hakucheka, alimfuata fundi hadi kwenye ngazi.

"Mkataba wako?" fundi aliuliza.

"Umesalimika. Bado nina hasira nawe."

"Ni haki yako."

Karani alikunja mikono. "Unajua mshahara wangu unaniweka wapi? Hapo hapo ulipo wewe."

"Basi sote ni maskini."

"Kipimo ni cha kaya, si cha mtu. Watu wawili kama sisi, kodi moja, mapato mawili, wanaingia kipato cha kati."

Fundi alishika reli ya ngazi. "Hiyo ni posa, laazizi?"

"Hiyo ni takwimu. Posa ni kazi yako, na utaileta kwa baba yangu ukiwa na kipato chako kile kile ulichokitaja humu ndani."

"Jumapili?"

"Jumapili. Saa nne, usichelewe."

Nanyi vijana mnaochumbiana, sikilizeni, sirudii. Daraja la kipato hupangwa na ofisi, na ofisi inaweza kulibadili mwakani. Anayekupenda mwambie ulicho nacho siku ya kwanza, kabla hajakuuliza. Na mwenzako akiulizwa mbele ya watu kwa kosa lako, inua kichwa useme papo hapo. Usingoje asubuhi.