Kinywa cha Clémence

Asubuhi ile Mwanahamisi alipoivua sanamu ya mbao ya dukani gauni la manjano, alilikuta lina joto, joto la nguo iliyotoka mwilini mwa mtu sasa hivi, na kwapani limelowa jasho. Akalinusa. Lilinuka tope la mto na nywele zilizoungua.

"Nyota, nani alivaa hii?"

"Hakuna mutu, yaya. Mulango ulikuwa wa kufunga."

Duka lao lilijulikana Kisangani nzima. Tangu uhuru, wake za makarani walifuata humo nguo alizobuni Mwanahamisi mwenyewe, mikono ya zambarau juu ya kijani, shingo nyekundu kama pilipili. Alasiri, cherehani ikinyamaza, mdogo wake Nyota, aliyesomeshwa na masista, aliwafundisha Kifaransa. Mume akipanda cheo, mke naye ajue kumkaribisha mgeni. Aliyeshindwa kabisa ni Clémence, mke wa Cyprien, karani wa reli ya Ubundu. Akisema "bonjour" darasa lote hucheka, na yeye huwazidi wote kwa kicheko.

Siku hizo darasa likirudia maneno ya Nyota, sauti moja ilichelewa. Ilitoka nyuma ya pazia, kwenye chumba cha kujaribia nguo. Mwanahamisi akafunua: hakuna mtu, ila kioo, na juu ya kioo ukungu wa pumzi. Mwanzoni sauti ilikuwa nzito kama ya mwenye udongo kinywani, lakini ilijifunza upesi, ikalifikia darasa, ikalitangulia, ikaanza kumsahihisha Nyota mwenyewe, polepole na kwa upole, mpaka wanawake wakawa wanakaa na migongo kwenye ukuta, hakuna anayethubutu kuwa karibu na pazia.

Wakamwita Papa Assumani, mganga. Alichoma ubani, akasoma mpaka sauti ikamkauka, akatoka anajifuta jasho.

"Ni jini. Luga imeshapata, sasa inatafuta kinywa. Ikikuuliza kitu, usijibu, mama. Ukijibu, mumepatana."

Mwezi wa Agosti, miaka minne baada ya uhuru, waasi wakaingia mjini. Kwao mwenye Kifaransa ni karani, na karani ni adui. Watu walichinjwa hadharani, huku umati ukilazimishwa kupiga makofi. Clémence alikimbilia dukani na bintiye Safi, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa imevunjwa na Cyprien ametorokea msituni. Wenzake wawili wa darasa walikuwemo, wamejikunja chini ya meza ya kukatia.

Mchana lori likasimama nje.

"Yaya, wananitafuta miye," Nyota akanong'ona.

Ndipo pazia likatikisika, na harufu ya tope ikamjaa Mwanahamisi puani, na ile sauti, safari hii kwa Kiswahili, ikamwambia sikioni, kama shoga amwambiavyo shogaye siri: "Mwalimu watamukamata. Unanipa kinywa cha nani kwa nafasi yake?"

Alikumbuka maneno ya Assumani. Aliyakumbuka yote. Lakini buti zilikwisha panda barazani, na Nyota alikuwa amemshika kiuno kama alivyomshika siku walipomzika mama yao, na macho ya Mwanahamisi, kabla moyo haujayazuia, yakaenda yakatua juu ya Clémence.

"Ule," akasema. "Kamata ule."

Mlango ukapigwa teke.

"Mwalimu wa Kifaransa iko wapi?"

Clémence akasimama. "Mabwana, ni mimi mnayemtafuta" ndiyo maana ya maneno yake, lakini aliyasema kwa Kifaransa, Kifaransa laini cha kimasista, akaendelea bila kikomo, huku machozi yakimtiririka na mikono yake yote miwili ikijaribu kuuziba mdomo wake mwenyewe.

Safi akapiga makofi. "Mama anajua! Mama anajua!"

Wakamburuta nje, bado anasema.

Tangu hapo pazia lilitulia, na Safi akabaki kwa Mwanahamisi. Novemba ndege za askari zilitua kiwanja cha Simi-Simi, serikali ikarudi, Cyprien akatoka msituni kumtafuta mkewe. Siku moja akaingia dukani analia kwa furaha, amemshika mkewe mkono. Clémence alikuwa amekonda, leso imefungwa shingoni.

"Iko muzima, Mama Mwanahamisi! Kiswahili tu njo amesahau. Docteur anasema ni woga, itarudia."

Leso ililegea. Mwanahamisi aliona kovu, limeizunguka shingo yote kama mshono wa kola. Hakuna mtu aliyekatwa hivyo akaishi. Alijua pia kwamba jini likitolewa leo, kitakachobaki ni cha kuzika.

"Viens, ma chérie," kile kilichomvaa Clémence kikasema, kikimwita Safi na kumnyooshea mikono.

Mtoto alirudi nyuma mpaka akagota kwenye magoti ya Mwanahamisi, akang'ang'ania sketi yake.

"Mama Mwanahamisi," akanong'ona, "ule ni nani?"

Cyprien alikuwa akiwatazama, anatabasamu. Nyota aligeukia ukutani. Mwanahamisi akavibandua vidole vya mtoto kwenye sketi, kimoja kimoja.

"Ni mama yako," akamwambia, akamsukuma mbele.