Mapigo ya Dereva wa Tumbo la Kioo

Tumbo la kioo liliondoka Mbeya saa mbili asubuhi, limebeba mtoto wa wiki ishirini na sita ambaye bado hajazaliwa. Kilikuwa chombo cha duara chenye maji ya uvuguvugu, kimefungwa katikati ya gari jeupe lisiloruhusiwa kuzidi kilomita arobaini kwa saa, maana maji yangetikisika mtoto angeumia. Kulia kwake, magari yanayojiendesha yalipita kwa kasi ya mia tatu. Yaliongozwa na mratibu, akili unde inayotawala barabara nzima hadi Iringa.

Kazi ya gari jeupe haikuachiwa mratibu. Mtoto aliyetolewa mapema mwilini mwa mama yake anahitaji kusikia moyo wa binadamu ukidunda, la sivyo wake hulegea. Kwa hiyo dereva, Atuganile, alivaa mkanda kifuani, na mapigo yake yakapelekwa ndani ya maji. Akishtuka yeye, mtoto naye hushtuka. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja.

Pembeni yake aliketi Sekela, mama wa mtoto. Alifanyiwa upasuaji siku nne zilizopita, na moyo wake ulikuwa bado unakwenda mbio mno kuweza kuvaa mkanda. Mara mbili aliuliza kama hawawezi kuongeza mwendo, na mara zote Atuganile alimweleza taratibu kwamba haiwezekani.

Walipopita Makambako, msafara wa malori ulipita karibu sana na upepo wake ukalisukuma gari. Namba ya mapigo ya Atuganile kwenye kioo kidogo mbele yao ikapanda kutoka sitini na nne hadi tisini na saba. Ya mtoto ikaifuata.

“Dada, moyo wako,” Sekela alisema.

“Nimeuona. Niambie, asubuhi kwenu mnakunywa nini?”

Sekela alisitasita, kisha akaanza kueleza uji wa ulezi, na mumewe anayeunguza sufuria kila Jumamosi. Atuganile akalegeza vidole kwenye usukani, akashusha mabega, akatoa pumzi ndefu. Hakutazama kioo cha pembeni. Yaliyokuwa nyuma yalikuwa ya mratibu; yeye alikuwa na kile kipande cha lami kilichokuwa mbele yake, basi. Namba zikashuka, moja baada ya nyingine.

Waliingia hospitali ya Iringa saa kumi na moja jioni. Muuguzi alipima moyo wa Sekela, akaridhika, akamhamishia mkanda. Mtoto alisita kidogo, kisha akatulia. Sekela alilia kimya kimya. Kisha aliuliza kama nyumbani pia Atuganile ni mpole hivyo.

“Nikifika nyumbani upole wote umeisha,” Atuganile alijibu. “Mwanangu akidondosha kikombe tu, napiga kelele. Siku hizi akiniona nimerudi, anakwenda kwa baba yake.”

Alirudi kwenye gari akakaa. Simu ya ofisi ikaita. Walikuwa na safari nyingine ya kwenda Mbeya kesho. Aliwaambia amechoka, wamtafute mwingine. Wakamjibu kwamba dereva mwingine mwenye moyo wa taratibu kama wake hawana.

Alitazama magari ya mratibu yakivuma kule barabarani.

“Huyo mtoto ana wiki ngapi?” akauliza.