Mgeni Asiyetikisa Finjani

Enyi mliokusanyika, wakubwa kwa wadogo, mlionipa masikio yenu na nafasi katika kikao hiki: nawapa salamu iliyo bora kuliko dhahabu, nami nawataka radhi kabla ya kunena, kwani nitakayoyanena hayapendezi. Sogeeni karibu karibu. Na asiye na udhu, si vibaya akenda kuutia.

Palikuwa, wala si zamani, kijana wa Ibra, mji wa Oman, aitwaye Azzan bin Suud, mwalimu wa tarikh, yaani historia. Bibi yake, Bi Shaikha, alizaliwa Unguja, na katika nyumba yao Kiswahili hakijafa. Azzan alisomea nchi ya Welisi, kule magharibi ya Uingereza, penye milima ya ukungu na magofu ya ngome. Katika gofu moja aliokota kijiwe, akakileta Ibra, akakiweka juu ya rafu ya majlis, chumba cha wageni, kando ya chetezo. Akawaeleza watu wake kuwa ngome ile ilikuwa ya mwana wa mfalme wa karne za kale, zama ambazo kila mtu alikuwa mtu wa mtu: mkulima wa bwana wake, bwana wa mkubwa wake, hata mwana wa mfalme mwenyewe akampigia goti mfalme wa Uingereza, akatia viganja vyake baina ya viganja vya mwenzake, kisha akamwachia wanawe wakae rehani. Bi Shaikha alisikitika. Akasema, masikini, mtu na cheo chake kupigishwa goti.

Kilichoanza kilikuwa kidogo. Mwezi wa Juni, jua la Ibra likipasua mawe, majlis ilinuka sufu ya kondoo aliyeroweshwa na mvua. Hiba, mdogo wake Azzan, mzaliwa wa Ibra, akalalamika kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Wallah, Azzan, hii kondoo iko wapi?" Wakamtafuta kondoo, wasimwone. Kesho yake baada ya alasiri zulia likapata alama za matope, na mji mzima hauna hata tone la mvua. Kisha mto wa kukalia wa mahali pa juu, pale anapokaa mgeni wa hishima, ukabonyea polepole, kama unavyobonyea chini ya mtu mzito aliyechoshwa na safari.

Mwengine angekimbia. Lakini Bi Shaikha alifunzwa Unguja kwamba asiyeonekana hukasirishwa na watovu wa adabu, na Oman ikamfunza kwamba mgeni haulizwi haja yake kabla ya kahawa. Basi alipiga magoti, akamimina, akainyoosha finjani kwa mikono miwili. Finjani ikamtoka mikononi. Ikarudi tupu, baridi kama barafu. Na kwa kuwa mgeni aliyetosheka huitikisa finjani yake, na huyu hakuitikisa, akamiminiwa tena, na tena. Na siku ya pili vivyo hivyo.

Rawya, mke wa Azzan, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alipoiona finjani ikining'inia hewani, alifunga nguo zake akenda kwao Sur, akaapa kuwa hatorudi na tumbo lake mpaka nyumba itakate. Azzan akakitupa kijiwe wadini, kwenye bonde kavu la mto, harufu haikuondoka. Akamsihi bibi yake aache kumhudumia yule kiumbe, akamfafanulia kwamba kwa watu wa zama zile kupiga goti na kunyoosha mikono miwili si adabu, ni kiapo. Bi Shaikha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akalinyanyua dalla, birika lake la kahawa.

"Bibi, nimekwambia nini?"

"Nimesikia, baba. Lakini hajatikisa. Nimwache mgeni na finjani kavu, tuje tusemwe?"

"Tusemwe na nani? Huyu haonekani."

"Ndiyo khasa. Hujui anajuana na nani."

Azzan alitoka nje akaupiga ukuta teke, akajiumiza kidole. Siku zote alikuwa akiwafundisha watoto wa watu, na nyumbani kwake hapakuwa na hata mmoja wa kumfahamu.

Magharibi moja, Hiba akiandaa chakula, alisita ghafla. Mgongo wake ukanyooka, shingo ikarefuka, na kinywani mwake, kinywa kisichojua ngeli wala methali, kikatoka Kiswahili cha Unguja ya kale, kizito, kilichopangika, huku pumzi yake ikitoka moshi kama ya mtu aliyesimama katika theluji, na nje, juu ya saruji ya ua, zikasikika kwato za farasi wengi wakizunguka nyumba, wakizunguka, wakizunguka, wala hapakuwa na farasi.

"Mmenipa kiti cha juu," ilisema sauti ile, "mmeninywesha, mmenipigia magoti. Nyinyi ni watu wangu sasa. Na mtu wangu huniwekea mwanawe wa kwanza rehani, ili awe mkweli kwangu. Aliyemo tumboni ni wangu."

Hiba akaanguka. Alipozinduka hakukumbuka neno, akauliza kwa nini chakula kimepoa.

Azzan akampelekea gari Maalim Hud wa Fanja, mzee anayesomea watu. Maalim alisoma tangu adhuhuri, na harufu ikajikunja pembeni, lakini haikutoka. Akafunga msahafu, akawaeleza kwa sauti ya chini kwamba maiti harudi. Huyu ni karini, jini aliyefuatana na yule mwana wa mfalme uhai wake wote, akabaki na tabia zake. "Angekuwa mwizi ningemtoa," alisema. "Huyu amekaribishwa. Aliyekaribishwa atatolewa na aliyemkaribisha, kwa ulimi wake, na asimpe kahawa."

Kwa Bi Shaikha neno hilo lilikuwa zito kuliko jini. Alilia. Alisema kwao hajapata kufukuzwa mgeni. Lakini Azzan alimtajia kitukuu chake aliyemo tumboni, naye akaingia majlis peke yake, akafunga mlango. Wakamsikia akinong'ona. Mara upepo wa baridi ukapita baina ya miguu yao, mto ukainuka, na sufu mbichi ikageuka kuwa udi wa kawaida wa nyumba yao. Azzan alicheka kwa furaha, akampigia simu Rawya: nyumba imetakata, njoo.

Rawya alikuwa kishashika njia, kaka yake akiendesha, Maalim alipomuuliza Bi Shaikha amemwambiaje.

"Nimemwambia aondoke. Nimemwambia hana lake kwetu." Akajifuta macho na ncha ya leso. "Kisha nikamwambia karibu tena. Kama watu."

Azzan alikaa kitako sakafuni. Akapiga simu, na simu haikupokelewa. Akapiga tena, na milima baina ya Sur na Ibra ikameza sauti. Akataka kulia, akataka kumgombeza bibi yake, akaishia kupiga simu mara ya tatu. Maalim akasema kwa uchungu, "Bi mkubwa, kwaheri ingetosha."

Gari liliingia kabla jua halijazama. Rawya akashuka, mkono juu ya tumbo, anatabasamu.

"Nani yule bwana mrefu aliyenifungulia lango?" aliuliza. "Ana adabu kweli. Lakini joho lake limerowa, na linanuka kondoo."

Hapo Azzan hakufundisha tena, wala hakufafanua. Alikwenda mpaka langoni, akapiga goti. Maalim Hud alimkemea kwamba goti ni la Mola peke yake, akamshika bega, Azzan akajinasua. Akaunganisha viganja, akavinyoosha mbele ya hewa tupu.

"Nichukue mimi," alinong'ona. "Mimi ndiye rehani. Mtoto mwache."

Vidole vyake vikabanwa na kitu, vikageuka vyeupe.

Rawya alirudishwa Sur jioni ile ile, akajifungua huko mtoto wa kiume, mzima. Azzan yuko Ibra. Kila akikaribia lango hujikuta amepiga goti, wala halivuki. Na mkewe humwona kwa simu, akiwa amekaa sakafuni, mbele ya mto wa mahali pa juu, amevaa sweta katikati ya joto, na meno yanamgongana.

Nanyi msiniulize mwisho wake, kwani aliyenihadithia hajaufikia. Wa kwanza kunipa khabari hii ni Rawya binti Zakariya, wa Sur.