Bahari Iliyofutwa Ubaoni

Kila Jumamosi asubuhi Ketsia alianza na maji. Alikwenda mpaka kwenye bomba la mtaa wao wa Ngezi, akapanga dumu lake kwenye foleni, na alipokuwa akingoja alifungua daftari na kusoma. Baada ya maji alifagia ua, kisha akatwanga sombe, majani ya muhogo, ya chakula cha mchana. Lakini Jumamosi hiyo mama yake, Mama Angèle, alimpokonya mchi, akamwonyesha daftari lake.

"Wacha, nitatwanga mimi. Weye kamata kaye yako. Egzamen ya jiografia si ni Jumatatu?"

"Ni Jumatatu, mama."

"Basi soma. Nimekwisha kukuombea, sasa fanya sehemu yako."

Ketsia alikuwa na miaka kumi na minne. Darasani kwao walikuwa wanafunzi hamsini na wawili, na hapakuwa na kitabu cha jiografia hata kimoja. Kitabu chao kilikuwa daftari la mwalimu wao, Prof Jérôme. Kwa kuwa Prof alifundisha katika shule mbili, na saa za shule hizo ziligongana mara nyingi, alimwachia daftari lake mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri. Huyo aliandika somo ubaoni na wenzake wakanakili. Alikuwa akiitwa sekretere wa darasa, na mwaka huo sekretere alikuwa Ketsia. Aliipenda kazi hiyo. Aliupenda ukimya wa wenzake walipomfuata mstari kwa mstari, na zaidi ya yote alipenda kuwasikia wakisema, "Kama Ketsia ameandika, basi ni sawa."

Saa nne wenzake wawili walifika ili wasome pamoja kwa ajili ya mtihani huo. Mmoja alikuwa Davy, jirani yake, ambaye hakuweza kukaa kimya dakika mbili. Wa pili alikuwa Sylvie, aliyetoka Bigo kwa miguu. Sylvie alikuwa na miaka kumi na sita. Alikimbilia mjini pamoja na shangazi yake wakati vijiji vya kwao vilipochomwa, akapoteza miaka miwili ya masomo. Sasa mji ulikuwa umetulia na maduka yalifunguliwa mapema, ingawa pikipiki ikipita kwa kasi jioni watu walinyamaza kwanza na kusikiliza. Masista wa parokia walikuwa wakimlipia Sylvie shule kwa sharti moja: asipate chini ya asilimia sitini katika somo lolote. Masomo mengine alikwisha kuyapita. Ilibaki jiografia ya dunia.

"Nimeshika mito yote na bahari zake," Sylvie alisema, macho yakimng'aa. "Musikilize." Akaimba kwa sauti yake ya kwaya: "Kongo, Atlantiki. Nili, Mediterania. Volga, Bahari Nyeusi. Yangtse, Kaspi. Mekongi, Bahari ya Uchina Mashariki. Misisipi, Bahari ya Uchina Kusini. Amazoni, Ghuba ya Meksiko!"

Davy alipiga makofi. "Aa, Sylvie! Prof alisema mito iko na pointi makumi mbili juu ya makumi ine, nusu nzima. Weye umekwisha kupita, siye ndio tutalia!"

Ketsia hakupiga makofi.

Wiki tatu kabla ya hapo, siku ya Ijumaa, alikuwa ameandika ubaoni jedwali la mito na bahari kwa haraka ili awahi mazoezi ya kwaya. Aliandika kwanza safu ya mito, kutoka juu hadi chini, halafu safu ya bahari. Alipofika mwisho, bahari ilizidi moja. Mito ilikuwa saba, bahari nane. Alielewa mara moja kwamba ameruka mto fulani, na kwamba bahari zote zilizoufuata zilikuwa zimekaa mahali pasipo pao. Kurekebisha kungekuwa kufuta nusu ya ubao mbele ya watu waliomsifu. Kengele ikalia. Ketsia aligeuka, akaona hakuna anayemtazama, akaifuta ile bahari ya mwisho kwa kiganja. Safu zikalingana. Hata hakuangalia daftarini ni mto gani alioruka. Alijiambia kwamba Jumatatu atasahihisha. Jumatatu tatu zilipita.

"Mbona umenyamaza?" Sylvie aliuliza. "Nimekosa fasi moja kwenye wimbo?"

"Hapana," Ketsia alijibu. "Umeimba muzuri."

Mchana aliiacha sombe kwenye sahani. Jioni aliomba akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, akaomba tena, lakini kila alipofumba macho alimsikia Sylvie akiimba. Jumapili kanisani, ilipofika sala ya kukiri makosa, waumini wote walijipiga kifua. Mkono wa Ketsia ulibaki umening'inia. Alihisi kwamba akijipiga kifua atakuwa anadanganya mara ya tatu.

Walipokuwa wakirudi nyumbani alimweleza mama yake yote, huku akitazama vumbi la barabara. Mama Angèle alisikiliza bila kumkatiza.

"Umemuomba Mungu msamaha?"

"Tangu jana, mama. Mara nyingi."

"Mungu ndiye aliyenakili ule ubao?"

Ketsia akatikisa kichwa.

"Basi geuka. Twende kwa Prof."

Walimkuta Prof Jérôme uani kwake, akisugua viatu vyake vya shule. Aliposikia habari hizo aliweka brashi chini, akaingia ndani, akatoka na daftari. Kidole chake kilishuka taratibu juu ya jedwali.

"Danubi," alisema. "Umeruka Danubi. Danubi ndiyo inaingia Bahari Nyeusi. Volga inakwenda Kaspi, na kila mto unaofuata uliupa bahari ya jirani yake." Akalifunga daftari. "Karatasi za egzamen zimekwisha kufika kwa préfet, mkuu wa shule. Siwezi kuzigusa tena. Unajua fasi wenzako wanaishi?"

"Karibu wote, Prof."

"Chukua kaye yangu. Uende kwao leo. Usiseme Prof amebadilisha somo. Useme ile uliyofanya."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Sylvie. Ketsia alitamani uwe wa mwisho, lakini ulikuwa karibu kuliko yote. Alisema maneno yake moja kwa moja, akafungua daftari la Prof na kulinyoosha mbele yake.

Sylvie alisoma. Alipomaliza, aliinua macho.

"Jana nilikuuliza kama nimekosa."

"Ndiyo."

"Ukaniangalia katika macho, ukasema nimeimba muzuri! Wiki tatu niko naimba uongo, Ketsia. Nikianguka, masista watanitoa. Weye uko na mama wa kukulipia. Mimi niko na nani?"

Machozi yalimtoka Ketsia, lakini Sylvie hakuyatazama. Aliketi kizingitini, akanakili jedwali upya, akalihakiki mara mbili. Kisha akavaa kandambili zake.

"Kule nyuma ya soko kuko wenzetu saba, wakimbizi. Nyumba zao hauzijue. Nitakuonyesha." Ketsia alipofungua kinywa kushukuru, alimkatiza. "Sijakusamehe bado. Twende tu."

Wakazunguka mji. Kila mlangoni Ketsia alirudia maneno yaleyale, na hayakuzoeleka hata mara moja. Wengine walicheka, wengine walimfokea. Mama mmoja alimwambia angekuwa mtoto wake angemchapa. Davy alipomwona alipaza sauti mtaa mzima usikie: "Karibu, sekretere! Umetuletea bahari ingine?" Lakini alipokwisha kunakili aliazima baiskeli ya kaka yake, akawapelekea wenzao wote wa upande wa Ngezi. Kabla watu hawajafunga milango jioni, walikuwa wamewafikia wenzao arobaini na watano. Waliobaki wanne Ketsia aliwangoja Jumatatu alfajiri kwenye lango la shule, daftari mkononi.

Katika chumba cha mtihani hakuna aliyeimba, lakini midomo mingi ilikuwa ikicheza. Ketsia aliona Sylvie akiandika, akisita, akiandika tena. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka, na sehemu nyingine za jiografia hakupata muda wa kuzirudia. Aliandika alichokijua, akaacha nafasi tupu pale asipojua.

Baada ya wiki moja Prof Jérôme alirudisha karatasi. Ketsia alipata ishirini na moja juu ya arobaini. Hakuwahi kupata kidogo namna hiyo. Hakulalamika. Macho yake yalikuwa kwa Sylvie, ambaye aliifungua karatasi yake polepole, akaifunga, akaifungua tena. Ishirini na sita. Asilimia sitini na tano. Sylvie aliegemeza paji la uso juu ya dawati, mabega yakatikisika. Kisha alinyanyuka, akaja kuketi kwenye benchi la Ketsia, akamsukuma kidogo ampishe.

Prof aligonga meza kwa chaki.

"Tangu leo Ketsia haandiki peke yake," alisema. "Sylvie ataandika, Ketsia atakaa mbele na kaye yangu na kuhakikisha kila mstari. Na mimi nitapita mwisho, kwa sababu hata mimi nilikosa: niliacha ubao bila kuutazama."

Alitembea kati ya madawati, akasimama kando yao.

"Watoto wangu, kila mtu anaruka mstari. Kuruka Danubi hakukuwa dhambi. Ubaya ulianza Ketsia alipoliona kosa na kulifuta ili lisionekane, kwa sababu tangu hapo halikuwa lake tena. Ninyi wote mlilibeba kichwani mkiamini ni ukweli. Ukikosa, sema siku ileile, wakati bado unasahihisha ubao tu. Ukingoja, utalazimika kusahihisha watu mmoja mmoja, mlango kwa mlango. Ketsia amefanya hivyo, na ninamheshimu kwa hilo. Ninyi msingoje mpaka ifike huko."

"Ndiyo, Prof," darasa likajibu, na sauti ya Ketsia ilisikika kati ya zote.