Kijiko cha Kwanza cha Samli

Gari lilizunguka mara mbili, likateleza kinyumenyume na kujikita kwenye theluji, pua ikitazama lilikotoka. Zilibaki maili thelathini kufika Buffalo. Ilikuwa saa saba mchana, lakini dhoruba ya ziwani ilikuwa imemeza jua, na Isaro, aliyeshika usukani, hakuona hata boneti ya gari.

Nyuma, baba yake, Mzee Muhoza, alikumbatia ndoo ya samli waliyotoka nayo Louisville kwa harusi ya Shami, bintiye mkubwa. Pembeni yake alikaa Tamara, mwanafunzi waliyempakia Columbus: Mwevenki, wa kabila la wafugaji wa kulungu wa theluji kule Siberia.

"Washa moteri, mama," mzee alimwambia binti yake. "Miguu siisikii tena."

Alikuwa na sukari. Vidole viwili vya miguu vilishakatwa.

"Usiwashe," Tamara alimwambia Isaro kwa Kiingereza. "Theluji imeziba ekzosi. Moshi utatuua kabla ya baridi."

Tamara alitoka kuichimbua kwa mikono. Kila alichotoa, upepo ulirudisha maradufu. Walipopiga simu ya dharura, walijibiwa mara moja tu: barabara imefungwa, subirini. Kisha chaji ikaisha.

Saa kumi, pumzi zao zilikuwa zimeganda kwenye vioo kwa ndani. Mzee akaacha kutetemeka, na hapo ndipo Tamara alipoogopa: mwili ulikuwa umeacha kupigana na baridi.

"Nipe samli."

Alijaza kopo, akachana kilemba chake cha pamba kikawa utambi, akafungua dirisha upana wa kidole. Akawasha kiberiti, moto ukashika. Kabla ya kuusogeza miguuni mwa mzee, alichota kijiko cha samli, akanong'ona Kievenki, akaumiminia mwali.

Mzee akazinduka. "Bon, ule anafanya nini?"

"Anamlisha bibi wa moto, papa," alisema Isaro, aliyesimuliwa na Tamara njiani. " Kwao moto ni bibi kizee. Anakula kwanza, kabla ya watu."

"Bashetani mu gari yangu? Hapana!"

Akainama, akapuliza. Moto ukazimika.

Kiberiti kilibaki na njiti mbili, na vidole vya Tamara, vilivyochimba theluji, sasa vilikuwa vimekufa ganzi, havikuweza kushika hata njiti.

"Bibi yangu alivaa msalaba mpaka kufa," Tamara alisema taratibu. "Lakini hakuwahi kula kabla ya moto."

Isaro alichukua kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika.

"Zima ile mawazo, Isaro. Tuombe."

"Omba, papa. Mimi nawasha. Na kwetu wafugaji wa ng'ombe, nani anathubutu kunywa maziwa akisimama? Ukinikemea nikae chini, nani alishakuita mchawi?"

Njiti ya pili ikashika. Isaro alichota kijiko cha kwanza mwenyewe, akaupa moto. Kisha akavua soksi za baba yake na kukandamiza nyayo zile za barafu kwenye tumbo lake mwenyewe, kopo likiwaka kando, akimzaba makofi mepesi kila aliposinzia. Samli ya harusi ilifika nusu ndoo. Ikafika robo. Ilipobaki ya kukwangua, taa za njano za gari la kusukuma theluji zilipasua weupe.

Hospitalini Buffalo, daktari alihesabu vidole vinane, vyote vizima. Mzee alivitazama kwa muda mrefu.

"Dimanche, Jumapili hii," alisema, sauti ikiwa chini, "utasimama mu kanisa, uombe Mungu musamaha."

Isaro alimfunika miguu.

"Nitasimama, papa. Nitamshukuru Mungu na nitamtaja Tamara. Musamaha siombi."